Kuandaa mkutano mdogo wa hesabu na nadharia ya kompyuta hapa Dodoma, bila siku kuishia kwenye itifaki

Ukisema Dodoma hii kwamba una mkutano, mtu wa kwanza atakuuliza posho ipo? na wa pili atauliza mgeni rasmi nani. Siwalaumu, mji umezoea, kila kona kuna semina na kila semina ina bana (lile bango la ukutani) na maji ya chupa na bahasha. Ila mkutano wa watu wa hesabu tupu na wale wa nadharia ya kompyuta, wale wanaokaa kuthibitisha kwamba kitu fulani hakiwezekani kufanyika haraka hata ungekuwa na mashine ya namna gani, huo ukiupanga kama semina ya kawaida umekwisha. Nimeshiriki kuandaa miwili, wa kwanza tuliharibu, wa pili ulitoka vizuri mpaka watu wakagoma kuondoka ukumbini, kwa hiyo haya ninayoandika mengine nimeyajua kwa kuungua.

Hatua ya 1: Amua unaita mkutano wa aina gani

Hapa ndipo watu wa hesabu na watu wa kompyuta wanapogongana kabla hata ya chai. Kwa mtu wa nadharia ya kompyuta mkutano ndiyo sehemu ya kuchapishia, unatuma pepa, wakaguzi wanaisoma, nyingi zinatupwa, yako ikipita basi umechapisha. Mikutano yao mikubwa kama STOC iliyoanza 1969, FOCS, na ICALP iliyoanzia Paris 1972 inaenda hivyo, na ile pepa ya Stephen Cook ya 1971 iliyotuletea habari ya P na NP (yaani je, swali ambalo jibu lake linahakikiwa haraka, linaweza pia kujibiwa haraka?) ilitokea kwenye STOC, sio kwenye jarida. Mtu wa hesabu yeye kazi yake anaipeleka kwenye jarida inakaa huko mwaka mzima na zaidi, mkutanoni anakuja na abstrakti, yaani muhtasari, ya aya moja na kipande cha chaki. Sasa ukitangaza "tuma pepa kamili kurasa 12" mtu wa hesabu anakuona wa ajabu, ukitangaza "abstrakti tu" mtu wa kompyuta anauliza zitachapishwa wapi maana na yeye anatafuta kupanda cheo.

Mi nashauri hivi: ufanye warsha ndogo, watu 20 mpaka 30, siku mbili, abstrakti ya ukurasa mmoja, uchapishaji hakuna, na useme hivyo kwenye tangazo la kwanza kabisa ili anayetafuta pointi za cheo asije akanuna. Ukianza kuahidi kuchapisha utahitaji wakaguzi, utahitaji mhariri, alafu ghafla yanajitokeza majarida ya kulipia yanakutumia imeili yanasema yatachapisha kila kitu ndani ya wiki mbili, hayo yaache yapite.

Jambo lingine linaloleta maneno ni mpangilio wa majina. Hesabu na nadharia ya kompyuta wote wanaandika waandishi kwa alfabeti, hakuna habari ya nani kafanya zaidi. Ndugu yangu anayeitwa Zuberi atakuwa wa mwisho maisha yake yote na hajafanya kosa lolote. Kama kuna mkuu wa idara kutoka fani nyingine anayesoma majina kwa kuhesabu nani wa kwanza, mweleweshe mapema.

Hatua ya 2: Tarehe, na hapa Dodoma ina mambo yake

Usiweke mkutano wakati wa Bunge la bajeti. Linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni na kipindi hicho gesti ya kawaida kabisa inageuka hoteli kwa bei, ukimpigia mwenye nyumba ya wageni Area C au Area D anakwambia nimejaa mpaka Juni. Kuna vikao vingine vifupi pia ndani ya mwaka, angalia ratiba kwanza ndo uandike barua. Mwanzoni mwa Agosti angalia Nane Nane, watu wakimiminika Nzuguni vyumba na bajaji vyote vinapanda. Alafu angalia UE, maana wiki ya mitihani ya chuo kikuu hupati mwanafunzi hata mmoja na walimu wako kwenye usimamizi.

Ramadhani nayo iangalie, kwa sababu kama utakavyoona huko chini chai ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Sisi tulichagua Alhamisi na Ijumaa, Ijumaa tukaacha nafasi ndefu mchana kwa ajili ya swala, na Jumamosi hatukuigusa kwa sababu tulikuwa na Wasabato wawili na mmoja wao ndiye anayejua grafu (zile nukta zilizounganishwa kwa mistari) kuliko wote.

Hatua ya 3: Tafuta ubao kwanza, ukumbi utafuata

Hili ndilo kosa letu la mara ya kwanza. Tulikodi ukumbi mzuri mjini, mazulia, viti vimevalishwa vitambaa kama harusi, jukwaa lina maua. Tumefika asubuhi tunauliza ubao uko wapi, yule dada wa ukumbi anatuangalia. Hakuna ubao. Kuna projekta na maiki mbili. Mzungumzaji wa kwanza alikuja na chaki zake mfukoni, masikini, akaanza kuchora hewani, alafu umeme ukakatika na projekta ikazima na jenereta haikuwa na mafuta. Tukakaa gizani tunanusa maua.

Mara ya pili tukaomba darasa la kawaida chuoni. Mji huu una vyuo vya kutosha, UDOM yenyewe tangu 2007 iko kule juu vilimani na ina ndaki ya informatiki na ndaki ya sayansi asilia na hisabati, St John's nayo ipo, na darasa la chuo wikendi au likizo unalipata kwa barua moja iliyoandikwa vizuri kwa mkuu wa idara. Unachotafuta ni hiki: ubao mpana, ikiwezekana miwili ili mtu asifute uthibitisho kabla watu hawajauelewa, madirisha makubwa ili umeme ukikatika kazi iendelee, na meza zinazosogezeka. Chaki nunua mwenyewe, boksi mbili nyeupe na moja ya rangi, na dasta mbili. Kama ubao ni mweupe wa kuandikia kwa maka peni, zijaribu maka peni zote siku moja kabla, maana kwenye darasa lolote lile maka peni tatu kati ya nne zimekufa na hakuna anayezitupa.

Na muhimu sana, ubao wa tatu hata uwe mdogo uweke pale pale chai inapowekwa. Niamini kwa hili, ntaeleza.

Hatua ya 4: Hela

Mkutano wa namna hii hauhitaji mkwanja mkubwa, hakuna maabara hakuna vifaa. Piga hesabu ya sahani, sio ya watu. Watu 24 kwa siku mbili, chai mara mbili kwa siku, hizo ni sahani 96 za vitafunwa. Chakula cha mchana sahani 48. Mama ntilie wa karibu na chuo akiambiwa namba hizo wiki moja kabla atakupa bei nzuri kuliko kampuni ya keteringi, na chapati zake zitakuwa za moto. Sisi kitafunwa kilikuwa sambusa na karanga na, kwa vile zabibu zilikuwa zimeiva, tukaweka beseni la zabibu ambalo wageni wa Dar walilimaliza kabla ya theoremu ya kwanza.

Posho sasa. Sema mapema, kwa maandishi, kwamba hakuna posho ya kukaa, kuna nauli na malazi kwa wanaotoka mbali na chakula kwa wote. Utapoteza watu, ndiyo. Sisi tulipoteza kama kumi hivi waliokuwa wamejiandikisha, na wale waliobaki ndio waliotaka kuwepo, darasa likawa jepesi na zuri. Ila usiwe bahili kwa wanafunzi, mwanafunzi anayetoka Singida au Iringa kwa basi umlipie nauli yote na kitanda, huyo ndiye unayemfanyia mkutano.

Cheti cha ushiriki toa, ni karatasi tu na watu wanakitaka. Bana mi sioni kazi yake ila picha ya pamoja bila bana wengine hawaihesabu kama picha.

Hatua ya 5: Wazungumzaji

Kwenye barua andika "mzungumzaji", usiandike "spika", hapa Dodoma hilo ni jina la cheo cha mtu mmoja na barua yako itazungushwa ofisi tatu kabla haijaeleweka.

Siku mbili wanatosha sita. Najua kuna mtu anataka kumi na wanne wa dakika kumi na tano kila mmoja, hapana, dakika kumi na tano kwenye nadharia ni za kusoma kichwa cha habari na kuomba radhi. Wape dakika 50. Kila mmoja umpe sharti moja kwenye barua ya mwaliko: dakika 15 za mwanzo mwanafunzi wa mwaka wa pili aelewe kila neno, alafu athibitishe kitu kimoja mpaka mwisho, kimoja tu, hata kama ni lema ndogo, yaani hoja ya kusaidia uthibitisho mkubwa. Slaidi ruksa lakini uthibitisho uwe ubaoni. Mtu akiandika kwa chaki anaenda mwendo wa watu wanaofikiri, mwenye slaidi anakimbia na unabaki unaangalia alama za sigma zinapita kama daladala za Jamatini.

Wa Dar siku hizi sio shida, tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024 mtu anapanda treni asubuhi na mchana yuko nawe, tiketi tu akate mapema hasa za Ijumaa jioni maana wa kurudi ni wengi. Kutoka Kenya, Uganda au Rwanda hawahitaji viza. Anayetoka mbali zaidi umuulizie Uhamiaji aina ya viza inayomfaa miezi miwili kabla, asije akaingia na ya utalii alafu jina lake liko kwenye ratiba yenu kama mtoa mada.

Ukikosa profesa mkubwa usihuzunike. Mwanafunzi wa umahiri aliyekaa miezi sita na tatizo moja mara nyingi analieleza vizuri kuliko mkubwa wake, kwa sababu anakumbuka bado palipomuumiza.

Hatua ya 6: Ratiba, na mgeni rasmi afanywe nini

Siku ya kwanza anza saa tatu, mada mbili asubuhi, moja mchana, basi. Siku ya pili hivyo hivyo. Katikati ya mada na mada weka dakika 40, sio 15. Ukiwaonyesha wakubwa ratiba hii watakwambia ina mianya mingi. Mianya ndiyo mkutano wenyewe. Kule Oberwolfach, Ujerumani, kwenye kituo cha hesabu kilichoanza 1944 katikati ya msitu, watu wanakaa wiki nzima na Jumatano mchana wanaacha kila kitu wanaenda kutembea msituni, na mezani hukai na rafiki yako, majina yanapangwa kwa bahati nasibu kwenye vifuko vya vitambaa vya kulia. Dagstuhl nayo, hiyo ya watu wa kompyuta iliyoanza 1990, wanachanganya watu mezani vile vile. Tuliiga hilo la mezani kwa vipande vya karatasi chini ya vikombe. Siku ya kwanza watu walilalamika, kila mtu alitaka kukaa na wa chuo chake, siku ya pili nikaona mhandisi wa programu kutoka ofisi moja ya serikali kakaa na mama wa aljebra, wamegeuza kikaratasi cha jina wanachora juu yake. Na badala ya msitu sisi jua lilipopoa tulipanda kilima cha mawe, vipo vingi mji huu, upepo ukatupiga vumbi mdomoni lakini mabishano hayakukatika.

Mgeni rasmi: kama chuo kinasisitiza awepo, mweke mwisho, siku ya pili jioni, agawe vyeti apige picha. Ukimweka asubuhi ya ufunguzi mtamngoja. Sisi mara ya kwanza tulingoja masaa mawili, alafu kukawa na utambulisho, kila anayesimama anasema itifaki imezingatiwa alafu anaizingatia upya jina kwa jina, mpaka tunamaliza ni saa sita na mada mbili zimekufa. Mweke jioni. Akichelewa jioni watu wako kwenye ubao wa chai hawana habari.

Hatua ya 7: Maswali, na tatizo la shikamoo

Hili lilinisumbua kuliko yote. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema umesikia. Mwanafunzi wetu akiwa mbele ya profesa haulizi, na akiona kosa kwenye mstari wa tatu ananyamaza analiandika kwenye daftari lake, na hesabu haiendi hivyo, kosa la mstari wa tatu linaua mstari wa arobaini. Ukisema tu "jisikieni huru kuuliza" hakuna atakayeuliza, atauliza yule yule mzee mmoja ambaye swali lake ni hotuba.

Tulichofanya ni sheria tatu zilizoandikwa ubaoni. Maswali mawili ya kwanza ni ya wanafunzi, wasipouliza tunakaa kimya, na kweli tulikaa kimya, mara ya kwanza kama dakika nzima, ilikuwa ndefu balaa, alafu binti mmoja wa nyuma akasema mwalimu samahani, hapo kwenye mstari wa pili kwa nini grafu ni lazima iwe imeunganika? Mzungumzaji akaangalia ubao, akaangalia tena, akasema haijalazimika, hilo ni sharti nililosahau kuliandika. Baada ya hapo mikono haikuisha. Sheria ya pili, anayeona kosa anasema "sijaelewa mstari namba fulani", sio "umekosea", heshima inabaki na kosa linaonekana. Ya tatu, shikamoo zote zimalizwe getini.

Na lugha. Tunasoma kwa Kiingereza, tunaandika kwa Kiingereza, sawa, lakini angalia watu wakifika kwenye chai, wote wanahamia Kiswahili na hapo ndipo utasikia wanachofikiri kweli. "Yaani huu mtandao ukikata hii njia bado unafika kila mji, ila gharama imeshuka, sasa kwa nini usikate?" Huo ni uthibitisho nusu tayari. Ndiyo maana nilisema weka ubao pale kwenye chai. Kwa hiyo waruhusu wazungumzaji wachanganye, waandike ubaoni kwa Kiingereza waeleze kwa Kiswahili, ukiwa na mgeni wa nje mweke jirani wa kumnong'oneza. Maneno mengine hayana Kiswahili kinachokubalika na hamna haja ya kugombana, prufu ni prufu, lema ni lema, wa BAKITA watatusamehe.

Hatua ya 8: Kikao cha maswali yasiyo na jibu, na jogoo

Jioni ya siku ya kwanza weka saa moja ambayo hakuna mada. Anayetaka anasimama dakika tano anaandika swali ambalo yeye hajui jibu lake. Mengine yawe makubwa ya dunia, mengine yawe madogo ya kwake. Nyie waandaaji muwe na moja la akiba la kufungulia, liwe linalosemeka kwa sentensi mbili. Sisi tulitumia hili: pakaa rangi kila nukta ya bapa lisilo na mwisho, nukta mbili zilizo umbali wa kipimo 1 zisiwe na rangi moja, unahitaji rangi ngapi? Lipo tangu 1950. Kwa miaka mingi ilijulikana tu kwamba 3 hazitoshi na 7 zinatosha, mpaka 2018 Aubrey de Grey, ambaye kazi yake ni mambo ya kuzeeka kwa mwili na sio hesabu, akaonyesha hata 4 hazitoshi kwa grafu ya nukta 1,581. Kwa hiyo jibu ni 5, 6 au 7 na hakuna anayejua. Ukiona sura za wanafunzi ukiwaambia aliyelisogeza sio mtu wa hesabu, hapo ndipo utajua mkutano umeanza.

Alafu kuna habari ya zawadi. Kwenye mkahawa mmoja wa Lwów, enzi hizo mji wa Poland, wanahesabu waliokuwa wanakunywa kahawa hapo walikuwa na daftari la kuandikia maswali, na 1936 Stanisław Mazur akaandika swali akaahidi bata bukini mzima kwa atakayelijibu. Likakaa. 1972 Per Enflo kutoka Sweden akalijibu na kweli alikabidhiwa bata wake. Basi na sisi tukanunua daftari kubwa la jalada gumu, mwalimu mmoja akaandika ukurasa wa kwanza swali lake la kupanga njia za kuchota maji vijijini kwa grafu ambayo kingo zake, yaani ile mistari, zinakauka kiangazi, akaahidi jogoo wa kienyeji. Watu walicheka, ila usiku ule grupu la WhatsApp halikulala.

Hatua ya 9: Kabla mfagizi hajaingia

Siku ya mwisho mpe mtu mmoja kazi moja tu, kupiga picha kila ubao kabla haujafutwa, pamoja na ule wa chai, huo hasa. Sisi ubao wa chai wa siku ya kwanza ulifutwa na kijana mwenye bidii na kuna hoja moja pale mpaka leo hakuna anayeikumbuka vizuri, wawili wanaikumbuka na wanaikumbuka tofauti. Ndani ya wiki moja tuma picha, abstrakti na maswali ya kwenye daftari kwa wote, wale wa LaTeX (programu ya kuchapia hesabu) wakubali kuchapa maswali, usiwape zaidi ya hapo wataacha.

Alafu wanafunzi watatu wanne waliong'aa uwaandikie barua za kuwapendekeza hapo hapo wakati bado unawakumbuka. Kuna shule za CIMPA, hawa wa Ufaransa wanaofanya shule za hesabu nchi zetu hizi, kuna ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kule Trieste, Italia, aliyoianzisha Abdus Salam 1964, kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, iliyoanzia Afrika Kusini 2003 na sasa wako mpaka Rwanda hapo jirani. Zote zinataka barua ya mtu anayemjua mwombaji, na wewe sasa unamjua, ulimsikia akiuliza kuhusu mstari wa pili.

Daftari analo yule mwalimu wa swali la kwanza. Jogoo yuko kwa shangazi wa huyo mwalimu, kule Ng'hong'hona, ameshanenepa, na kuna kijana wa mwaka wa tatu ametuma kurasa nne juzi anasema amempata, tumekaa nazo watu watatu na tumekwama ukurasa wa tatu, mstari wa kati.